Mamluki wa Msimu Mmoja

Alasiri moja nilikuwa Woodley, Nairobi, nimekwenda kumjulia hali mpwa wangu anayekaa huko kwa shangazi yake. Msomaji asiyeujua mtaa huo na aelewe kuwa uko magharibi ya jiji, kando ya Barabara ya Ngong, karibu na maduka ya Adams Arcade. Ulijengwa zama za ukoloni, nyumba za mawe zenye bustani, ili wakae Wazungu. Ukitembea kidogo tu wafika soko la Toi penye mitumba ya kila namna, kisha waingia Kibra kwa ndugu zetu Wanubi, ambako adhana husikika mara tano kama kwetu Mombasa.

Nilimkuta kijana kando ya kiwanja, ameketi juu ya jiwe, goti limefungwa kitambaa, akiwatazama wenzake wakicheza mpira wa kikapu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Goti lasemaje?"

"Alhamdulillahi. Linapoa."

Timu moja ilikuwa na mchezaji mrefu kupita wote. Kila akiupata mpira alikuwa akienda nao moja kwa moja mpaka kikapuni, na hapakuwa na wa kumzuia. Basi watazamaji wa upande wa pili wakaanza kupiga kelele: "Mamluki! Mamluki huyo!" Kumbe kijana yule hakuwa wa mtaa. Aliletwa kwa mechi ile moja tu, na jua likitua angerudi alikotoka na nauli yake mkononi.

Nikamtazama mpwa wangu. Aliinamisha kichwa akawa achezea kamba za viatu. Jina hilo yeye pia alipata kuitwa, na mwenye kumtia katika shughuli hiyo nilikuwa mimi.

NENO NA MZIZI WAKE

Neno mamluki latumika sana michezoni siku hizi. Shule ikimwandikisha mchezaji hodari muhula wa mashindano tu, huyo ni mamluki. Ofisi ikimvisha sare mtu asiyekuwa mfanyakazi wake ili ishinde kombe, huyo naye ni mamluki. Ni neno la kejeli, na kejeli yenyewe humwangukia mchezaji.

Lakini tulioketi mikekani katika vyuo vya Kurani twajua kuwa neno hili limetoka mbali. Ni la Kiarabu, na maana yake ni mtu anayemilikiwa. Milki, mamlaka, malkia na mamluki, yote ni matawi ya mti mmoja. Ajabu ni kwamba katika mti huo liko tawi la mwenye enzi na liko tawi la mtumwa, na wote wanywa maji ya mzizi mmoja.

Mamluki wa asili walikuwa vijana walionunuliwa katika nchi za kaskazini ya Bahari Nyeusi, wakapelekwa Misri wafanywe askari. Mwaka 1250 walishika utawala wa nchi ile wao wenyewe. Mwaka 1260, hapo Ain Jalut katika nchi ya Palestina, waliwashinda Wamongolia ambao hakuna aliyedhani wangeshindika. Baybars, aliyekuwa mmoja wa majemadari wa vita hivyo, alikuwa ameuzwa utotoni kama bidhaa. Mwaka huo huo akawa sultani. Mamluki walitawala Misri mpaka 1517, walipoondolewa na Waturuki wa Uthmaniya.

Sisemi haya kuusifu utumwa. Hapana mtu wa pwani ambaye angeusifu utumwa, na athari zake tungali twaziona. Nayasema kwa sababu moja. Kijana yule wa Misri, kabla hajakabidhiwa farasi na upanga, alikuwa akipelekwa kwa mwalimu akafundishwa Kurani, kusoma na kuandika. Mafunzo yakiisha, aliachwa huru na kupewa hati ya uhuru wake. Basi hata yule aliyenunuliwa kwa fedha alitoka na mambo mawili mkononi: elimu na karatasi.

Swali langu leo ni hili: mamluki wetu wa mpira, yeye hutoka na nini?

MSIMU MMOJA MAREKANI

Nchi iliyoifanya biashara hii kuwa kubwa kupita zote ni Marekani. Kule mpira wa kikapu wa vyuo vikuu hutazamwa na mamilioni. Mwaka 2016 mkataba wa kuonyesha mashindano yao ya mwezi Machi kwenye televisheni uliongezwa mpaka 2032 kwa dola bilioni 8.8. Hizo ni fedha za mchezo wa wanafunzi.

Zamani kijana hodari aliweza kutoka shule ya sekondari akaingia moja kwa moja katika ligi ya kulipwa, NBA. Kevin Garnett alifanya hivyo mwaka 1995, Kobe Bryant mwaka 1996, na LeBron James mwaka 2003. Kisha mwaka 2005 ligi na chama cha wachezaji walikubaliana kwamba hapana Mmarekani atakayeteuliwa kabla ya mwaka anaotimiza miaka 19 na kabla mwaka mmoja haujapita tangu wenzake wa darasa walipomaliza sekondari. Sheria ikaanza kutumika katika uteuzi wa 2006.

Msomaji atambue yaliyofuata. Kijana hakuambiwa asome. Aliambiwa angoje. Na mahali pazuri pa kungojea ni chuo kikuu, penye kocha, kiwanja na kamera za televisheni. Basi vyuo vikaanza kugombania vijana ambao kila mtu alijua watakaa msimu mmoja tu. Waingia mwezi wa Agosti, wacheza mpaka Machi au Aprili, na Juni wameteuliwa na kwenda zao. Mwaka 2007 waliochaguliwa wa kwanza na wa pili, Greg Oden na Kevin Durant, wote wawili walikuwa wamekaa chuoni mwaka mmoja.

Sisi watu wa pwani mambo haya si mageni kwetu. Majahazi yalikuja na kaskazi na kurudi na kusi. Nahodha alipangishwa nyumba, akala, akauza, akanunua, na pengine akaoa. Upepo ulipogeuka alitweka tanga. Mji haukumlaumu, kwa sababu kila mmoja alijua masharti: mgeni alileta tende na mazulia, akachukua boriti na pembe, na hesabu ilifungwa kabla ya safari. Mgeni wa msimu si aibu. Aibu ni hesabu isiyofungwa.

Na huko Marekani hesabu haikufungwa kwa miaka mingi. Chuo cha Kentucky, chini ya kocha John Calipari, kilitwaa ubingwa mwaka 2012 kikiongozwa na Anthony Davis, kijana wa mwaka wa kwanza. Juni mwaka huo huo Davis na mwenzake Michael Kidd-Gilchrist, naye wa mwaka wa kwanza, waliteuliwa wa kwanza na wa pili. Chuo kilibaki na kombe. Kocha alibaki na kazi na mshahara mkubwa. Mchezaji alipata karo, chakula na malazi, na kanuni zilimkataza kupokea malipo yoyote mengine, hata jina lake lilipokuwa likivutia umati.

Tarehe 20 Februari 2019 jambo dogo lilifunua jambo kubwa. Duke walikuwa wakicheza na North Carolina, na Barack Obama, ambaye asili ya baba yake ni kwetu Kenya, alikuwa mmoja wa watazamaji. Dakika ya kwanza haijaisha, kiatu cha Zion Williamson kilipasuka, akaanguka na kuumia goti. Taifa zima likauliza: je, goti lile lingevunjika kabisa, ni nani angemlipa kijana huyu? Kwa bahati alipona, na mwaka ule akateuliwa wa kwanza. Lakini swali lilikuwa limekwisha kutoka mdomoni na halikurudi.

Kwengine hesabu iliharibika kwa namna nyingine. Chuo cha Memphis kilifika fainali mwaka 2008 kikiwa na Derrick Rose, kijana wa msimu mmoja. Baadaye matokeo ya mtihani wake wa kuingilia chuoni yalibatilishwa, na ushindi wote wa msimu ule ukafutwa katika vitabu. Chuo kilichomtaka kwa ajili ya mpira kikakwamishwa na karatasi ya mtihani!

Polepole mamluki akaanza kudai fungu lake. Juni 2021 Mahakama Kuu ya Marekani, majaji wote tisa kwa sauti moja, iliwapa wachezaji ushindi dhidi ya chama cha michezo ya vyuo. Tarehe 1 Julai mwaka huo wakaruhusiwa kupata fedha kwa kutumia jina na sura zao. Na Juni 2025 jaji aliidhinisha mapatano yanayoviruhusu vyuo kuwalipa wachezaji moja kwa moja, kiasi cha dola milioni 20.5 kwa kila chuo katika mwaka wa kwanza. Baybars amekaribia kiti.

VIJANA WA KWETU

Pengine msomaji atasema, "Hayo ni ya Marekani, yatuhusu nini?" Yatuhusu sana, kwa kuwa wavuvi hao hutupa nyavu zao mpaka huku.

Walianza na wakimbiaji. Katika miaka ya 1970 vyuo vya Marekani vilichukua vijana wa Kenya kwa wingi. Henry Rono, Mnandi, alipelekwa Chuo Kikuu cha Washington State. Mwaka 1978, katika muda wa siku 81, alivunja rekodi nne za dunia: mita 3,000, mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, mita 5,000 na mita 10,000. Hakuna aliyekuwa amefanya hivyo kabla yake. Lakini Kenya ilisusia Olimpiki za 1976 na 1980, na Rono hakupata hata siku moja ya kukimbia huko. Baadaye ulevi na ufukara vilimwandama miaka mingi ugenini. Alifariki Februari 2024. Walioshangilia rekodi zake walikuwa wengi, na waliomshika mkono alipoanguka walikuwa wachache.

Kisha zamu ya mpira wa kikapu ikafika. Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam aliyezaliwa 1987, mrefu wa futi saba na inchi tatu, alipita sekondari huko Marekani akajiunga na Chuo Kikuu cha Connecticut mwaka 2006. Yeye hakukaa msimu mmoja, alikaa mitatu. Mwaka 2008 na 2009 alikuwa mlinzi bora wa ligi ya vyuo ya Big East. Juni 2009 aliteuliwa wa pili katika NBA na timu ya Memphis, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza ligi hiyo. Wenye mdomo hupenda kukumbusha kwamba nyuma yake waliteuliwa James Harden na Stephen Curry, na kwamba Thabeet hakung'ara kama wao. Mimi naona wamdhulumu. Kijana aliyetoka Dar es Salaam akacheza misimu mitano katika ligi kubwa kuliko zote, akiwa Memphis, Houston, Portland na Oklahoma City, huyo hakushindwa. Aliyemlinganisha na Curry si yeye, ni wale waliomnunua.

Na mamluki wa msimu mmoja hasa kutoka Afrika Mashariki tumemwona juzi tu. Khaman Maluach alizaliwa Sudan Kusini mwaka 2006, akalelewa Uganda ambako watu wake walikimbilia. Huko Kampala ndiko alikoanza mpira wa kikapu, kisha akapelekwa chuo cha NBA nchini Senegal. Akiwa na miaka 17 aliichezea nchi yake Olimpiki za Paris, 2024. Vuli ya mwaka huo akaingia Duke, na Juni 2025 akateuliwa wa kumi, akaishia timu ya Phoenix. Mwaka mmoja tu, na mambo yake yakawa mazuri, mashaallah.

Lakini tazama uzi ulivyokuwa mwembamba. Tarehe 5 Aprili 2025 Duke walikuwa wakicheza nusu fainali na Houston huko San Antonio. Siku hiyo hiyo serikali ya Marekani ilitangaza kufuta viza zote za wenye pasi za Sudan Kusini. Kijana yuko kiwanjani, watu kwa maelfu wampigia makofi, na wakati huo huo watu wauliza kama ataruhusiwa kubaki nchini. Tena hizo fedha za jina na sura ambazo wenzake wa Kimarekani wazipokea, mwanafunzi mgeni huzipata kwa taabu, kwa sababu viza ya masomo yambana asifanye kazi. Mpira ni mmoja na jasho ni moja, lakini mfuko ni mbali mbali.

YALIYOTUPATA SISI

Sasa narudi Woodley, kwa mpwa wangu, maana mcheza kwao hutunzwa, na asiyecheza kwao je?

Baba yake alitangulia mbele ya haki kijana akiwa mdogo, na mimi mjomba ndiye niliyekuwa nikimsimamia. Akiwa kidato cha pili alikuwa amekwisha kunipita kimo. Alipenda kwenda kuwatazama wachezaji wa Bandari, timu yetu ya KPA, na kila jioni alikuwa akirusha mpira katika pete ya chuma tuliyoipigilia ukutani. Siku moja alikuja mtu kutoka shule moja ya bara, mtu wa maneno matamu. Alimwona kijana katika mashindano ya shule, akatufuata nyumbani. Alikunywa kahawa yetu. Alisema karo italipwa, malazi yatalipwa, sare na viatu vitatolewa, na baada ya hapo njia ya chuo kikuu iko wazi, cha hapa nchini au cha Marekani.

Dada yangu aliuliza swali moja tu: "Na akiumia je, kaka?" Alinielekea mimi, si yule mgeni. Nami nikamjibu, "Usiwe na wasiwasi, huyu ni muungwana." Tukapeana mikono. Hapakuandikwa hata mstari mmoja.

Naliona hilo kuwa kosa langu kubwa, na nalisema hapa kwa kuwa huenda likamfaa mwengine. Mimi niliyehifadhishwa nikiwa mtoto kwamba aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, katika Suratul Baqara, yahusu kuandikiana deni na kuweka mashahidi. Aya ndefu kuliko zote ni hiyo ya karatasi na kalamu! Niliisoma kwa tajwidi mbele ya mwalimu wangu, na siku ilipohitajika nikaisahau mbele ya kikombe cha kahawa.

Kijana alicheza muhula wa mashindano. Shule ilifika mbali. Mitaani walimwita mamluki, shuleni walimwita shujaa. Mwaka uliofuata aliumia goti mazoezini. Muhula ule ule barua ya karo ikafika Mombasa kwa jina langu, kamili, kama kwamba hapakuwa na maneno yoyote kabla yake. Yule mtu wa maneno matamu alikuwa amekwisha kuhamia shule nyengine. Mwalimu mkuu alisema hajui ahadi yoyote, akaniomba nimwonyeshe maandishi. Nilikuwa sina.

Ndipo shangazi yake wa Woodley, Mungu ampe kheri, alipomchukua. Sasa asoma nyumbani, na akijaaliwa atafanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kibinafsi.

Sisemi kuwa kila shule ni hivyo. Wako walimu wanaowalea wachezaji kama watoto wao. Viko vyuo vikuu hapa Nairobi, kama Strathmore na USIU, ambavyo timu zao hucheza ligi kuu, na mtu huweza kuwa mchezaji na mwanafunzi kwa wakati mmoja. Wala sisemi kuwa msimu mmoja ni haramu. Maluach aliutumia vyema. Nisemalo ni kwamba tumeelekeza kejeli yetu pabaya. Twamzomea kijana aliyeletwa, na tukipita kwa aliyemleta twamwamkia kwa heshima.

Mzazi wa pwani ambaye mwanawe ni mrefu, au ana mbio, au ana mguu wa kushoto wa ajabu, na ajue kuwa mgeni atabisha hodi. Na amkaribishe, ampe kahawa. Kisha alete kalamu. Yaandikwe mambo manne: karo ni ya muda gani, ni mpaka mtihani wa mwisho au mpaka kombe, akiumia ni nani atakayemtibu, akikoma kucheza atasoma au atafukuzwa, na vyeti vyake vitakuwa mikononi mwa nani. Wawekwe mashahidi wawili. Mgeni akikasirika kwa kuombwa maandishi, basi amekwisha kujibu maswali yote manne. Sote twajua Mtume wetu (S.A.W.) alivyotuhimiza juu ya ujira wa mwenye kutoka jasho. Jasho la mtoto si jepesi kuliko la mtu mzima.

Mechi ilipokwisha, yule kijana mrefu alivua sare aliyoazimwa, akaikunja, akamrudishia mwenyewe. Akapita karibu yetu akielekea kituo cha matatu. Mpwa wangu akainuka kwa taabu, akampa mkono.

"Umecheza vizuri," akamwambia. "Wasoma wapi?"

Yule akacheka kidogo, akasema, "Muhula huu, sijui bado."

Tukarudi nyumbani taratibu kwa sababu ya goti. Shangazi mtu alikuwa ametandika mkeka barazani. "Karibu, shemeji," akasema, "chai i tayari." Kando ya birika palikuwa na vitabu vya hisabati na daftari lililofunguliwa. Kijana aliketi, akanyoosha mguu, akashika kalamu.